Taja Jina Lako Kabla ya Kumgusa

Jumatatu, 5 Mei. Kongowe.

Mdoli tena. Asubuhi nzima tumemgeuza mdoli, kulia, kushoto, chali. Hana mkono mmoja, na kichwa kinazunguka kama kifuniko cha chupa. Mto mgongoni, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Nimeshajua. Mgongo unaniuma mimi, yeye hana habari.

Mwalimu Eliwaza, mkufunzi wetu, kamfelisha dada mmoja mbele ya darasa zima. Dada wa watu kafanya kila kitu sawasawa, kaosha mikono, kavaa glovu, kapima maji kwa kiwiko. Ila kamshika mdoli begani bila kutaja jina lake. Mwalimu kasema hilo si kosa dogo. Mtu aliyelala hawezi kukukimbia, kwa hiyo haki yake ya kwanza ni kujua ni nani anayemgusa. Jina lako, unachotaka kufanya, ndipo mkono. Ukiruka hapo siku ya mtihani haangalii mengine. Alikuwa muuguzi miaka mingi mpaka kustaafu, na hacheki ovyo. Mimi nimecheka kimoyomoyo. Kujitambulisha kwa mdoli.

Mchana tumegawiwa nyumba za vitendo. Bila kumhudumia mgonjwa wa kweli nyumbani kwake hupati cheti, na bila cheti siku hizi hakuna anayekuita. Kila familia inauliza umesomea wapi. Wenzangu wamepata hapa hapa Kibaha. Mimi nimetupwa Kurui, Kisarawe. Bibi kapooza upande wa kulia, haoni. Nikae huko Jumatatu hadi Ijumaa mpaka Mwalimu aje kunitahini. Nimenuna, ila kimya kimya. Nina miaka arobaini na kitu, nimefagia viwanda vya watu tangu nitoke Nzega. Hii ikiniponyoka sina nyingine.

Jumatano, 7 Mei. Kurui.

Nimefika. Nyumba ya bati, mihogo mpaka mlangoni. Mwenye mji ni Shomari, mtoto wa kiume wa bibi, mkulima. Mkewe Mwanahamisi. Watoto wao wakubwa, wako mjini. Bibi mwenyewe anaitwa Bi Tatu.

Shomari aliposikia mimi Mnyamwezi, uso ukamfunguka. Kaanza pale pale uani, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Mtumwa wetu karudi, babu yako alitua mzigo hapa akasahau kuondoka. Nikamwambia Wazaramo nyie, mashamba yote mmeyachezea ngoma, mmebakiza mihogo hii mitatu. Tukacheka mpaka mkewe akatoka kuangalia kuna nini. Utani una raha yake. Hujamaliza kuvua viatu ushakuwa mtu wa nyumbani.

Chumba cha bibi kiko nyuma. Dirisha limezibwa kwa gunia. Harufu ya mkojo na karafuu. Nimeingia, nikasimama. Sijafungua mdomo bado, yeye kasema, "Zuhura."

Hakuuliza. Kalitaja tu.

Nikafanya nilivyofundishwa. Shikamoo bibi, mimi naitwa Kabula, nimekuja kukuhudumia, sasa nakuinua. Hakuitikia hata shikamoo. Ana kidonda cha kulalia juu ya tako, kinatosha kiganja cha mtoto. Wamekuwa wakimlisha amelala chali, ndiyo maana anapaliwa. Mwanahamisi anasema yule ni mkwe wake, anaona haya kumgusa mwilini. Jirani mmoja mzee ndiye anayekuja kumbadilisha nguo. Wa kumgeuza hakuna, hata mmoja.

Gunia nimeling'oa dirishani. Hakuna aliyenizuia.

Alhamisi, 8 Mei. Kurui.

Hataki kula. Nimemkalisha, kidevu chini, kijiko kidogo, uji mzito kiasi, kila kitu. Nikitaja jina langu anageuza uso ukutani. Asubuhi hivyo, mchana hivyo.

Jioni Shomari kaniita barazani, kanieleza. Zuhura ni dada yake, binti pekee wa Bi Tatu. Ndiye aliyekuwa akija kumwosha na kumlisha. Amefariki. Presha, ghafla, huko Janga alikoolewa. Mvua ilikuwa kubwa, barabara imekatika, wakazika haraka, watu wachache. Hata mtani wa kuuchangamsha msiba hakuwepo. Bi Tatu hajaambiwa mpaka leo. Daktari alisema baada ya kile kiharusi asipate mshtuko, na wao neno la daktari wamelishika kama amri. Kijiji kizima kinajua na kijiji kizima kimefunga mdomo. Mama anaambiwa Zuhura yuko safarini.

Kisha akaniomba. Wewe ni mtani, kasema. Kumwiga maiti ndiyo kazi yako.

Kweli, ndiyo kazi yangu. Msibani mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anadai chai kwa sauti yake, waliofiwa wanacheka katikati ya kilio. Nimefanya mara nyingi. Nimewahi kuingia kaburini nikakataa kutoka mpaka nipewe soda. Lakini pale kila mtu anajua kwamba aliyekufa amekufa. Huyu mama hajui kama ana msiba. Nimekataa. Shomari kaenda zake kulala.

Ijumaa, 9 Mei. Kurui.

Midomo imekauka. Ngozi ya mkono nikiivuta inabaki imesimama. Hilo tumelisoma, najua maana yake.

Mwanahamisi kaweka khanga ya Zuhura na kandambili zake mlangoni, kaondoka. Nimezitazama muda mrefu. Nimevaa. Nimeingia bila kutaja jina. Nimesema tu, "Mama, nimekuja." Kafungua mdomo kama kifaranga. Bakuli zima kalimaliza.

Nimefurahi na nimejichukia, vyote kwa pamoja. Nimepanda gari la jioni kurudi Kibaha.

Jumapili, 11 Mei. Kongowe.

Mama mwenye nyumba ninayopanga kaniuliza ule wimbo niliokuwa naimba nikifua ni wa wapi. Sikuwa naimba. Kanionyesha kwa kuufuatisha. Wimbo wa kubembeleza mtoto, maneno ya Kizaramo. Mimi Kizaramo sikijui. Labda Bi Tatu anauimba usingizini na umenikaa kichwani. Lazima iwe hivyo.

Jumatatu, 12 Mei. Kurui.

Nimemkuta kalala ubavu wa kushoto. Mto mgongoni, mto katikati ya magoti, visigino havigusi godoro. Vizuri kuliko ninavyofanya mimi.

Nimemsifu Mwanahamisi. Kasema hajaingia humo tangu Ijumaa. Nimemuuliza yule jirani. Kasema siku zote mbili alipeleka uji na Bi Tatu kamwambia ameshakula. Ameshakula nini, kwa mkono wa nani? Hajui. Midomo ya bibi haijakauka, hilo nimeliona mwenyewe.

Waongo. Wanaona aibu kusema wameweza bila mimi.

Jumatano, 14 Mei. Kurui.

Sasa anaongea. Sauti nzito ya upande mmoja, lakini maneno yanasikika. Nikimwosha ananiuliza maswali. Safari ilikuwaje. Kulikuwa na matope. Wamekupokea vizuri. Nimejibu ndiyo mama, ndiyo mama. Nilidhani anazungumzia Janga kwa wakwe zake Zuhura.

Halafu akaniuliza kama nimemwona baba yangu.

Mumewe alikufa zamani, Shomari alishaniambia. Nikasema nimemwona. Anasemaje, kauliza. Nikasema anakusalimia. Akatikisa kichwa, akaridhika, akaniambia nimsugue na kisogoni.

Wazee huchanganya mambo. Mwalimu alitufundisha, mgonjwa akipotea usibishane naye, mrudishe taratibu kwenye siku ya leo. Mimi sikumrudisha. Nimekwenda naye.

Jumatatu, 19 Mei. Kurui.

Yale yale. Ubavu, mto, mto, visigino. Na ile khanga, niliyoiacha Ijumaa kwenye msumari chumbani kwangu, nimeikuta miguuni pa bibi, imekunjwa vizuri. Nimeuliza kwa ukali. Mwanahamisi kalia. Sasa naanza kumwamini, na hilo ndilo silipendi.

Alhamisi, 22 Mei. Kurui.

Mwanahamisi kaangusha sufuria ya maji. Aliniona kwa nyuma natoka jikoni. Aliponyanyuka kaniuliza nani kaniambia Zuhura alikuwa akichechemea.

Hakuna aliyeniambia. Sikujua hata kama nachechemea.

Nimezichunguza zile kandambili. Ya kushoto imeliwa upande mmoja, yeyote akiivaa lazima achechemee. Basi. Kila jambo na sababu yake, tunatishana bure. Nimezivua, nikatembea peku mpaka chooni na kurudi, Mwanahamisi ananitazama. Nilipofika nikamuuliza kwa macho. Kaangalia chini. Nilikuwa nachechemea.

Ijumaa, 23 Mei. Kurui.

Kidonda kinafunga. Nyama nyekundu, safi, pembeni ngozi mpya inatambaa. Mkono mzima umepata nguvu, leo kashika kikombe mwenyewe. Kama si Zuhura huyu mama angekuwa ameshazikwa. Nimeandika Zuhura. Naacha hivyo hivyo, nilitaka kuandika kama si mimi.

Mchana kaniuliza nilikiweka wapi kinu chake kidogo cha karafuu. Nilikuwa nakamua kitambaa, sikufikiri, nikajibu uvunguni, nyuma ya sanduku la baba. Shomari alikuwa mlangoni. Kaingia, kainama, kakitoa. Wamekitafuta tangu mwaka jana.

Labda nilikiona nikifagia. Sikumbuki kufagia nyuma ya sanduku.

Jumamosi, 24 Mei. Kongowe.

Sokoni mtu kaita Zuhura. Nimegeuka. Alikuwa anamwita mwanawe. Nimeacha nyanya zangu mezani kwa muuzaji, nimeondoka.

Jumatatu, 26 Mei. Kurui.

Mwalimu kapiga simu. Anakuja kunitahini Jumanne ijayo. Atasimama pembeni, ataangalia kuanzia ninavyopita mlangoni. Jina langu, ninachotaka kufanya, ndipo mkono.

Nimewaambia wenyeji wangu baada ya chakula. Shomari kasahau utani wote. Kasema, "Usimtaje Kabula mbele ya mama, nakuomba." Nikamwambia nisipojitaja nimefeli, cheti sipati, na hakuna wa kunirudisha darasani bure. Kasema atazungumza na Mwalimu amweleze. Nikamwambia humjui yule. Mwanahamisi hakunibembeleza. Kasema tu kwamba jina langu likimfikia mama, Zuhura atakuwa amekufa upya, safari hii na mama anajua, na mama hatafungua tena mdomo. Kwa hiyo nitakuwa nimemuua mtu ili nipate karatasi.

Limeniingia hasa. Nimekaa kitandani kwangu, nikataka nijaribu kulisema jina langu peke yangu, kwa sauti, nione linavyokaa mdomoni. Ulimi ulianza na lile lingine. Nimejaribu tena, likatoka. Lilisikika geni, kama jina la mtu niliyewahi kufanya naye kazi mahali.

Naogopa. Siandiki kwa kujipamba, naogopa kweli.

Alhamisi, 29 Mei. Kurui.

Nimempigia Mwalimu. Nimeuliza kwa kuzunguka. Mgonjwa akikuchukua kuwa ni mwingine, na kwa ajili hiyo anakula, mtu afanye nini? Kasema, "Anayekula ni yeye. Anayemlisha ni nani?" Nikaanza kujieleza. Kasema nisimjibu yeye. Kakata.

Mwanamke mgumu kama jiwe la kusagia. Nimemtukana chumbani peke yangu.

Ijumaa, 30 Mei. Kurui.

Wikiendi hii siendi Kongowe. Nabaki nimwone anayemgeuza.

Jumamosi, 31 Mei. Kurui.

Jua kali, kuku wamejificha, hakuna sauti popote. Shomari na mkewe shambani. Nimemlaza bibi chali baada ya chakula, mito nimeirundika kitini. Kisha nimekaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo. Mlango ni huo mmoja. Dirisha lina nondo.

Hakuna aliyepita. Hilo naapa. Nilikuwa natazama mihogo, naona kila jani.

Ndani kitanda kikalia. Kisha sauti ya bibi, ya kawaida kabisa, ya mtu anayehudumiwa: "Taratibu, mwanangu. Taratibu."

Nimeingia. Kalala ubavu. Mto mgongoni, mto katikati ya magoti. Kitini hakuna mto hata mmoja. Bibi alikuwa anatabasamu upande wake mzima.

Nimetoka nje nikakaa chini ya ukuta. Nikasikia harufu, nikanusa mikono yangu. Mafuta ya nazi na karafuu, yale ya kumchulia. Sikuyagusa tangu asubuhi. Sijui kama niliingia humo nikatoka. Sijui kipi kibaya zaidi, kwamba niliingia au kwamba sikuingia.

Jumatatu, 2 Juni. Kurui.

Mwalimu kesho. Sijaamua.

Uongo. Nimeamua mara nyingi leo, kila mara tofauti. Nikimlisha asubuhi nikasema nitanyamaza, cheti kisubiri, uhai ni uhai. Nikifua shuka nikasema nitajitaja. Si kwa ajili ya cheti tena. Nataka jina langu. Mwili huu naufulia na kuulisha mimi, iweje mwingine aingie na kutoka.

Na bibi naye. Nikikaa kimya nitakuwa namgusa kila siku na hajui ni nani anayemgusa. Yule mdoli nilimcheka, lakini mdoli nilimtajia jina langu.

Shomari kapita mlangoni kwangu, kasimama, kaondoka.

Jumanne, 3 Juni. Kurui.

Naandika yote kabla hayajapoa.

Mwalimu kafika asubuhi, gauni limepigwa pasi, viatu vina matope. Kawasalimu wenyeji, kakataa chai, kasimama pembeni ya mlango wa bibi na kalamu. Shomari nyuma yake. Mwanahamisi nyuma ya Shomari, khanga mdomoni.

Khanga ya Zuhura nilikuwa nimeivaa. Nimeivua, nikaikunja, nikaiweka kitini. Kandambili nimezivua. Nimeosha mikono. Nimeingia.

Bibi kageuza uso. Kanisubiri. Nimesimama pale na ulimi mzito, nikaona kabisa lile jina lingine limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikasema, "Shikamoo bibi. Mimi naitwa Kabula. Nimekuja kukuosha, naanza na uso."

Nyuma yangu Shomari kaguna kama mtu aliyepigwa tumboni.

Bibi kasema, "Marahaba, Kabula. Umechelewa kumaliza. Wanyamwezi mkipata pa kula hamwondoki."

Kitambaa mkononi mwangu kinadondosha maji sakafuni.

Katueleza polepole, akipumzika katikati. Watu walipoanza kupunguza sauti wakipita dirishani kwake, alijua amefiwa. Zuhura hakuja, kwa hiyo alijua ni nani. Wakaziba na dirisha kwa gunia asisikie, kama vile masikio yako dirishani. Hakuwa na mtu wa kumlilia mbele yake, maana wote walikuwa wanamwambia safari, safari. Ukimlilia mtu aliye safarini utaambiwa umechanganyikiwa. Halafu siku moja akasikia Shomari uani anachokozana na Mnyamwezi. Kasema moyoni, basi, msiba wangu umepata mtani.

"Ndiyo maana nilikutajia jina ulipoingia," kaniambia. "Ujue ni nani wa kumwiga. Ukawa mkaidi, unaniletea Kabula, Kabula. Ikabidi nishinde na njaa."

Alijua tangu mwanzo. Zuhura alikuwa akimgeuza kabla hajamsalimia, ndivyo alivyokuwa, mikono mbele na maneno baadaye. Mimi nilijitaja kwanza. Alinisikia vizuri siku ile, shikamoo yangu aliiweka akiba. Ila alikuwa na maswali yake. Kama safari ilikuwa ya matope. Kama wamempokea. Kama amemwona baba yake. Kwa mtani angeuliza. Kwa hawa wengine wote angeulizaje.

Shomari kapiga magoti pale mlangoni, mzee mzima. Kasema, "Mama, daktari alisema." Bibi kamwambia daktari alisema asishtuke, hakusema asizike.

Kisha kanigeukia. Kasema siku nilizokuwa Kongowe, na ile niliyokaa kizingitini, Zuhura alikuwa anakuja mwenyewe. Walimfukia kwa haraka mno, hakujua kama ameaga dunia. Leo alfajiri amemwambia aende, watu watakuja.

Kalamu ya Mwalimu ilisimama. Nilimwona.

Bibi kaniambia niendelee, maji yanapoa. Nimeendelea. Uso, shingo, mkono wa kushoto, mkono wa kulia. Kila nilipogusa nilisema. Yeye analia, upande mmoja wa uso tu ndio unaokunja, mwingine umetulia kabisa. Sikujua kama naruhusiwa kulia katika mtihani. Nimelia.

Mwalimu kaniambia nje, karibu na mihogo, nimefaulu kwa aliyoyaona leo. Ya siku zilizopita hakuyaona, kasema, hayo ni yangu. Halafu kauliza ile mito nani alikuwa akiiweka. Nikasema sijui. Kafunga mkoba wake.

Jioni wanawake wa Kurui wamejaa uani. Wamekuja kulia sasa, wamechelewa sana, wanalia sana. Bi Tatu tumemkalisha mlangoni kwenye kiti, mito pande zote. Kaniita akanipa ile khanga, haki ya mtani. Kasema nisiivae hapa tena. Nimeiweka chini kabisa ya mfuko.

Jumatatu, 9 Juni. Kurui.

Nimerudi kuwakabidhi bibi yao na kuchukua godoro langu. Cheti bado, wanasema wiki zijazo.

Nimemkuta kalala chali. Mito sakafuni. Alama nyekundu kwenye kisigino, niliibonyeza, inarudisha rangi, bado haijaharibika. Jirani alimlisha, kala kidogo. Hakuna aliyemgeuza siku zote mbili. Nimemtazama, nikatazama dirisha, nikatazama kitini. Chumba cheupe, kina vumbi, cha kawaida. Nilisikitika, sikutegemea nisikitike.

Natembea sawasawa. Nimemuuliza Mwanahamisi, kanihakikishia.

Yeye alikuwa kasimama mlangoni kama kawaida yake, mguu ndani mguu nje, haya ya ukwe. Nimemwambia aoshe mikono. Kaosha. Nikamwambia aje upande huu, mkono mmoja begani, mmoja kwenye nyonga. Kaleta mikono juu ya mama mkwe wake, ikabaki hewani. Nikamwambia ataje jina lake kwanza.

Ilichukua muda. Mimi sikumsaidia.

"Mama, ni mimi, Mwanahamisi. Nataka kukugeuza."

Bi Tatu kavuta pumzi. Kasema, "Taratibu, mwanangu."

Tumemgeuza. Mto mgongoni kauweka mwenyewe, na ule wa magotini. Nimemkumbusha visigino.